Mchango Unatoka Juu, Rushwa Tunaitafuta Chini

Mwaka 2010 Iringa ilishuhudia jambo ambalo siasa zetu hazikuwa zimelizoea. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ilikuwa na miezi michache tu tangu Rais Jakaya Kikwete aitie saini hadharani Ikulu, Machi 17. Kura za maoni za CCM zilipopamba moto, TAKUKURU iliwafikisha mahakamani makada wa chama tawala chenyewe. Mmoja alikuwa waziri wa zamani aliyewania Mufindi Kaskazini. Mwingine ndiye aliyeongoza kura za maoni Iringa Mjini. Tuhuma zilikuwa za kugawa fedha kwa wanachama ili wapigiwe kura. Kushtakiwa si kutiwa hatiani, na hoja ya safu hii haihitaji kumhukumu yeyote kati yao. Kisiasa, hata hivyo, kesi hizo zilikuwa na uzito. CCM iliacha jina lililoongoza Iringa Mjini ikampitisha Monica Mbega, na Oktoba mwaka huo wapiga kura wakampa kiti Mchungaji Peter Msigwa wa CHADEMA.

Miaka 15 baadaye, Agosti 2025, CCM iliitisha harambee katika ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam, ili kugharimia kampeni zake. Lengo lilikuwa shilingi bilioni 100. Usiku huo huo zilitangazwa zaidi ya bilioni 86, fedha taslimu pamoja na ahadi. Wafanyabiashara na wakuu wa kampuni walitajwa, wakapigiwa makofi, wakapigwa picha. Hakuna aliyekamatwa, wala hapakuwa na sababu ya kumkamata mtu, kwa kuwa sheria zetu zinaruhusu kampuni kuchangia chama.

Matukio haya mawili yakiwekwa pamoja yanaonyesha jinsi taifa lilivyochagua kuitazama fedha katika siasa. Fedha ikifika mkononi mwa mjumbe wa tawi, noti mbili tatu za nauli, dola inaiita rushwa na inaweza kumpeleka mtu kizimbani. Ikiwa bado juu, ikitoka kwenye akaunti ya kampuni kwenda kwenye akaunti ya chama au mfuko wa mgombea, inaitwa mchango. Ninachodai ni hiki: mpaka kati ya mchango na rushwa tumeuchora mahali pasipofaa. Tumeuweka mwisho wa mto, na hatari iko kwenye chanzo.

Tumefikaje hapa? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa na jibu kali. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Tunaweza kubishana kama jibu hilo lilitekelezeka, lakini lilikuwa wazi: mwenye mtaji na mwenye madaraka wasiwe mtu mmoja. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar ikailegeza miiko hiyo. Mwaka uliofuata mfumo wa vyama vingi ukarudi. Kwa hiyo milango miwili ilifunguliwa karibu kwa wakati mmoja: wa mfanyabiashara kuingia kwenye siasa, na wa ushindani wa uchaguzi unaohitaji fedha. Katikati ya milango hiyo hatukumweka mlinzi.

Mlinzi alipotafutwa, kwanza tulimpa usingizi. Mwaka 2000 Bunge liliirekebisha Sheria ya Uchaguzi ili jambo lililofanywa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa kijadi, lisihesabiwe kuwa kununua kura. Hiyo ndiyo takrima. Mgombea aliweza kulisha kijiji pilau na kugawa kanga, akaambiwa anaenzi mila. Wahehe wanajua kumkaribisha mgeni kwa ulanzi, na Wanyakyusa hawamwachi mgeni aondoke na njaa. Lakini katika mila hizo mwenyeji ndiye anayemkirimu mgeni. Mgombea anayekuja kijijini na lori la mchele ndiye mgeni, na mwenyeji analipa kwa kura.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na mashirika ya LEAT na NOLA, walikwenda Mahakama Kuu kuvipinga vifungu vya takrima. Aprili 2006 majaji Kimaro, Massati na Mihayo waliamua kwamba vifungu hivyo vilikuwa kinyume cha Katiba. Hoja iliyokuwa kiini cha hukumu hiyo ilikuwa ya usawa: mgombea tajiri na mgombea maskini hawawezi kuwa sawa mbele ya sheria inayomruhusu mwenye nacho kukirimu kadiri anavyoweza, na mpiga kura hawezi kuchagua kwa uhuru akiwa amefungwa na fadhila. Ulikuwa uamuzi mzuri. Hata hivyo ulihusu mgombea na mpiga kura tu. Haukuulizwa, na hivyo haukujibu, swali la nani alilipia pilau.

Sheria ya 2010 ilijaribu kulijibu. Iliweka ukomo wa matumizi, ikaingiza mchakato wa uteuzi ndani ya vyama chini ya sheria, na ikataka mchango unaozidi shilingi milioni moja kutoka kwa mtu binafsi, au milioni mbili kutoka kwa taasisi, utolewe taarifa. Kwenye karatasi, hii ni hatua kubwa. Kasoro yake ni ya wakati na ya mlengwa. Hesabu kamili za gharama zinawasilishwa baada ya kura kupigwa, na zinamfikia Msajili wa Vyama vya Siasa, si mpiga kura wa Mwanjelwa au Ilula. Mwananchi anapiga kura bila kujua nani amemgharimia anayemchagua, na anapopata nafasi ya kujua, mbunge ameshaapishwa.

Ndiyo maana kesi za Iringa za mwaka 2010, pamoja na ujasiri wake, hazikubadili biashara yenyewe. Zilimgusa mgombea na mgawaji. Aliyetoa mtaji wa kugawa hakuguswa na swali lolote. Katika kura za maoni za mwaka 2020, zilizozaa utani wa kwamba wajumbe si watu wazuri, wagombea wengi walijikuta wametumia fedha nyingi na kupata kura za kuhesabika kwa vidole. Tulicheka. Hatukujiuliza fedha hizo walizipata wapi, na waliokopeshwa walizirudisha kwa njia gani.

Kwa nini kampuni itoe fedha kwa mwanasiasa? Zipo sababu za heshima. Mwenye kiwanda anaweza kuamini sera za chama fulani, kama mkulima anavyoamini. Lakini tutazame uchumi wa Nyanda za Juu Kusini ulivyofungwa na uamuzi wa serikali. Msitu wa Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote nchini, unavunwa kwa vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu. Kibali ndicho kinachoamua kiwanda kipi cha mbao Mafinga kitafanya kazi mwaka mzima na kipi kitafungwa. Mfanyabiashara wa mahindi Mbeya anaweza kutajirika au kufilisika kwa tamko moja la kufunga mpaka wa Tunduma, kama ilivyotokea mahindi yalipozuiwa kwenda nje mwaka 2011 na tena 2017. Wakala wa pembejeo anaishi kwa ruzuku ya mbolea, na mfumo wa vocha ulioanza mwishoni mwa miaka ya 2000 ulituachia malalamiko mengi kuhusu vocha zilizosainiwa bila mfuko wa mbolea kumfikia mkulima. Mkandarasi anaishi kwa zabuni za TANROADS, TARURA na halmashauri. Mchimbaji wa Chunya anaishi kwa leseni.

Katika uchumi wa namna hii, mfanyabiashara hahitaji kumwambia mbunge au diwani afanye jambo fulani. Inatosha simu yake ipokelewe. Inatosha jina lake likumbukwe orodha ya vibali inapopitiwa, au mkaguzi aambiwe apite kesho badala ya leo. Hakuna mkataba, hakuna ahadi, hakuna shahidi. Ndiyo sababu mwendesha mashtaka anashindwa, kwa kuwa sheria ya rushwa inataka athibitishe kwamba fedha ilitolewa kama kishawishi au malipo ya jambo fulani, na jambo hilo halikutajwa na mtu.

Kesi iliyotufundisha zaidi kuhusu hili haikutokea kwenye kampeni. Ni ya akaunti ya Tegeta Escrow, iliyoshikilia fedha za mgogoro wa malipo ya umeme, na iliyotikisa Bunge mwaka 2014. Baada ya fedha za akaunti hiyo kutoka, mmiliki wa kampuni ya VIP Engineering, James Rugemalira, alihamisha mamilioni na mabilioni ya shilingi kwa watu mbalimbali: wanasiasa, watumishi wa umma, hata viongozi wa dini. Profesa Anna Tibaijuka, wakati huo Waziri wa Ardhi, alipokea zaidi ya bilioni 1.6. Alieleza kwamba ulikuwa mchango kwa shule ya wasichana, na amekana siku zote kufanya kosa. Desemba 2014 Rais Kikwete alitengua uteuzi wake, na suala alilolisimamia Rais lilikuwa dogo kwa sura, zito kwa maana: kama ni mchango wa shule, kwa nini umeingia kwenye akaunti ya mtu? William Ngeleja, aliyewahi kuwa Waziri wa Nishati na Madini, alipokea milioni 40.4. Julai 2017 alitangaza kuzirejesha serikalini, akieleza kwamba alizipokea kwa nia njema kama msaada.

Sina sababu ya kudai kwamba Ngeleja alisema uongo kuhusu nia yake. Hapo ndipo lilipo tatizo. Tukiuacha mpaka wa mchango na rushwa ukae moyoni mwa mpokeaji, hatutaupata kamwe, maana moyo wa mtu ni msitu. Lazima uwekwe mahali panapoonekana kwa macho, na kwa maoni yangu panaonekana kwa maswali manne.

La kwanza: mpokeaji ana uwezo gani juu ya mambo ya mtoaji? Kampuni ya nishati ikimpa fedha mwanakijiji, hilo halina hatari kubwa. Ikimpa mtu aliyewahi kuishika wizara ya nishati, au anayekaa kwenye kamati ya Bunge inayoisimamia, ni jambo jingine kabisa, hata kama kiasi ni kile kile. Kiasi siyo kipimo. Milioni moja kwa mwenyekiti wa kamati inayogawa vibali ina uzito kuliko milioni 50 kwa mtu asiye na sauti.

La pili: fedha imeingia mfuko wa nani? Chama ni taasisi. Kina mhasibu, kinakaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Akaunti ya mtu haina mlango wa nyuma wala wa mbele. Mchango wa siasa uliopita akaunti binafsi umeshajihukumu wenyewe nusu.

La tatu: umetolewa lini? Hapa sheria yetu ni bora kuliko ya mataifa yanayotufundisha utawala bora. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inakamata malipo ya kabla na shukrani ya baada. Marekani imekwenda upande mwingine. Meya wa mji wa Portage, jimbo la Indiana, James Snyder, alipokea dola 13,000 kutoka kwa kampuni ya malori baada ya mji wake kununua malori ya kampuni hiyo kwa zaidi ya dola milioni moja. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema, kwa kura sita dhidi ya tatu, kwamba sheria ya shirikisho iliyotumika kumtia hatiani inahusu rushwa inayotolewa kabla, siyo asante inayofuata. Huko huko, Januari 2010, miezi miwili kabla ya Kikwete kutia saini sheria yetu, mahakama hiyo ilikuwa imeziruhusu kampuni kutumia fedha bila kikomo kushawishi uchaguzi, mradi zisizikabidhi kwa mgombea mwenyewe. Tusijidharau. Katika hili tuna sheria nzuri. Tunachokosa ni kuitumia dhidi ya wakubwa.

La nne, na ndilo lenye uzito kupita yote: nani alijua kabla ya uamuzi? Mchango uliotangazwa kabla ya kura, kabla ya zabuni, kabla ya kibali, unampa mwandishi wa habari, mpinzani na mshindani wa biashara nafasi ya kufuatilia. Uliotangazwa baadaye ni taarifa ya msiba.

Maswali haya yanasaidia pia pale ambapo sheria haikufika kabisa. Mbeya wanaifahamu Tulia Trust, taasisi inayobeba jina la Dkt. Tulia Ackson, Spika wa Bunge lililopita, aliyeshinda ubunge wa Mbeya Mjini mwaka 2020 dhidi ya Joseph Mbilinyi, Sugu. Taasisi hiyo imejengea nyumba watu wasiojiweza, imesaidia wanafunzi, imeandaa mbio za marathoni zinazodhaminiwa na kampuni. Sisemi kuna rushwa, na wajane waliopata paa hawakosei kushukuru. Taasisi za aina hii, zenye majina ya viongozi, zimeenea nchi nzima na hazivunji sheria. Lakini anayeiongoza nchi au Bunge na wakati huo huo anapokea udhamini wa kampuni kwa ajili ya jimbo lake anaacha swali la kwanza na la nne wazi. Njia ya kuyafunga ni rahisi: kila taasisi yenye jina la kiongozi aliye madarakani ichapishe kila mwaka nani ameichangia na kiasi gani. Mwenye nia safi hatapoteza chochote, atapata ulinzi.

Najua pingamizi. La kwanza ni kwamba siasa zina gharama, na bila kampuni vyama vitakufa au vitabaki kuishi kwa ruzuku ya serikali, ambayo inagawiwa kwa kura na viti, hivyo inamnenepesha aliyenona. Ni kweli. CHADEMA ilijaribu njia nyingine mwaka 2025 kwa kampeni ya Tone Tone, kuomba michango midogo kwa wananchi wengi. Njia hiyo ina heshima yake, kwa kuwa mtu aliyetoa shilingi elfu moja hawezi kudai kibali cha msitu. Lakini haiwezi kushindana na usiku mmoja wa bilioni 86. Na hapa kuna jambo ambalo wafanyabiashara wenyewe huligusia kwa sauti ya chini: mwenye kampuni anayechangia chama tawala anaonekana mzalendo, ila ni wangapi wana ujasiri wa kusimama hadharani na kuchangia upinzani? Mchango unaotolewa kwa hofu ya mamlaka ya kodi haustahili kuitwa hiari. Hapo tatizo limegeuka, na anayelazimishwa ni mtoaji.

Pingamizi la pili ni kwamba ukikaza sana, fedha zitaingia gizani. Kenya ni mfano. Ilipitisha Sheria ya Fedha za Kampeni mwaka 2013, yenye masharti mazuri, likiwemo la kuzuia mchangiaji mmoja kubeba zaidi ya asilimia 20 ya michango yote ya mgombea au chama. Wabunge wakaiahirisha, kisha wakakataa viwango vilivyopendekezwa, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila ukomo wa matumizi. Somo ninalolichukua siyo kwamba sheria kali haifai. Ni kwamba wabunge hawawezi kuachiwa peke yao kuamua kuhusu fedha zilizowaingiza bungeni.

Kwa hiyo sipendekezi kupiga marufuku michango ya kampuni. Napendekeza mambo matatu ambayo Bunge linaweza kuyapitisha bila kungoja Katiba mpya. Mosi, kila mchango unaozidi kiwango cha sheria utangazwe na Msajili hadharani ndani ya siku saba, na orodha kamili ibandikwe wiki mbili kabla ya kura, hadi ngazi ya jimbo. Pili, kampuni yenye zabuni, kibali au leseni inayotegemea uamuzi wa serikali au halmashauri isiruhusiwe kuchangia mgombea yeyote wa eneo hilo katika mwaka wa uchaguzi. Kwa chama, ichangie kwa kiwango kilichowekewa kikomo. Tatu, mchango wa mfadhili mmoja usizidi sehemu fulani ya michango yote, ili chama kisijikute kinaongozwa na mtu asiyegombea chochote.

TAKUKURU nayo ibadilishe mahali pa kuanzia. Afisa anayejificha nyuma ya nyumba ya wageni Mafinga kusubiri bahasha za wajumbe anafanya kazi halali, lakini anakamata samaki wadogo. Akitaka mkubwa, aanze na orodha ya waliopata vibali vya Sao Hill na zabuni za barabara, ailinganishe na orodha ya waliochangia kampeni, kisha aulize maswali. Kazi hiyo inahitaji orodha mbili ziwe wazi, na ujasiri wa kuzisoma pamoja.

Kwa mpiga kura wa Mbeya na Iringa, neno langu ni fupi. Mgombea akija tena na jezi, mabati au saruji, usimuulize ameleta nini. Muulize nani amelipa, na huyo aliyelipa anafanya biashara gani na serikali. Asiyeweza kujibu hilo mbele ya mkutano hastahili kura yako, hata kama mfuko wa saruji ameuacha mlangoni.